Siri za Uani: Historia ya Msichana Mpelelezi

Chicago, 1856

Mjane mmoja, bado kijana, aliingia katika ofisi ya Allan Pinkerton, mwenye kampuni ya upelelezi mjini Chicago. Pinkerton akadhani amekuja kuomba ukarani. Kate Warne akamwambia la, anataka kazi ya upelelezi. Kampuni ile haikuwa na mwanamke hata mmoja katika kazi hiyo, na hoja aliyokuja nayo Warne ilikuwa moja tu: ziko siri ambazo mwanamume hazifikii hata awe hodari wa namna gani, kwa sababu zimo vifuani mwa wake na marafiki wa kike wa wahalifu, na mwanamke hamfungulii moyo askari, humfungulia mwanamke mwenzake. Pinkerton aliomba muda wa kufikiri, kisha akamwajiri.

Februari 1861 Abraham Lincoln, amekwisha kuchaguliwa rais lakini hajaapishwa, alikuwa safarini kwenda Washington. Wapelelezi wa Pinkerton walinusa njama ya kumuua atakapopita Baltimore. Warne alikuwa mmoja wao. Alijifanya bibi wa majimbo ya Kusini, akakaa na wanawake wa mji huo na kusikiliza waliyokuwa wakiyasema waume zao. Usiku wa safari yenyewe, ni yeye aliyetafuta vitanda katika behewa la kulala kwa maelezo kwamba anasafiri na kaka yake mgonjwa. Mgonjwa huyo alikuwa Lincoln. Alipita Baltimore watu wamelala, akafika Washington alfajiri. Warne alifariki mwaka 1868, na hadi leo wengi waliosoma habari za Lincoln hawajapata kulisikia jina lake.

Hoja aliyoitoa mbele ya meza ya Pinkerton ndiyo iliyoibuka, kwa njia nyingine kabisa, katika riwaya za upelelezi. Leo ipo aina ya riwaya inayosomwa sana Uingereza, Marekani, India na Australia. Mambo yake yanatokea zamani, mahali padogo ambapo kila mtu anamjua mwenziwe. Maiti huwa moja au mbili, damu kidogo, chai nyingi. Anayefumbua fumbo ni msichana asiyekubali kupangiwa maisha, na mwisho mkosaji hujulikana na mji ukatulia. Wengi huvihesabu vitabu hivi kuwa vya kupitishia saa za safari. Mimi naviheshimu kuliko hivyo. Ukivipanga kwa miaka, vinakuonyesha mwanamke alikuwa anaruhusiwa kuingia wapi, ufunguo alikuwa nao nani, na kuingia kwake kulimgharimu nini.

Nguo ya kulalia, 1860 hadi 1864

Mwishoni mwa Juni 1860, katika kijiji cha Road, Wiltshire, Uingereza, mtoto wa kiume wa karibu miaka minne, Saville Kent, alitolewa kitandani usiku, akakutwa kesho yake katika choo cha nje amekatwa shingo. Hakukuwa na dalili ya mtu wa nje kuvunja nyumba. Basi muuaji alikuwa mtu wa ndani.

Scotland Yard ilimtuma Jonathan Whicher, mmoja wa makachero wake hodari kabisa. Whicher aliipitia orodha ya nguo za kufuliwa. Constance, dada wa marehemu kwa baba, mwenye umri wa miaka 16, alitakiwa kuwa na nguo tatu za kulalia, zilipatikana mbili. Kwa hoja ya nguo hiyo iliyopotea, Whicher alimkamata. Mahakimu wakamwachia msichana, na gadhabu ya umma ikamwangukia kachero. Magazeti yalimshutumu, na hata bungeni alisemwa. Kilichowaudhi watu ni kwamba mtu wa tabaka la chini, tena mwanamume, amethubutu kuhesabu nguo za ndani za binti wa watu na kuuliza habari za chumba chake cha kulala. Jina la Whicher liliharibika. Mwaka 1865 Constance alikiri mwenyewe.

Nimekaa na kesi hii kwa sababu naona inafafanua kilichofuata. Ushahidi ulikuwa kapuni mwa mfuaji, na wenye kujua hesabu ya nguo walikuwa wajakazi. Polisi aliyefuata njia ile aliadhibiwa kwa kuwa sahihi. Nani basi angeingia uani bila kuzusha fedheha?

Mwaka 1864, kesi hiyo ikiwa bado haijapata ufumbuzi, vilitoka London vitabu viwili karibu kwa pamoja. Kimoja, The Female Detective, kilitiwa jina la kubuni la Andrew Forrester. Cha pili, Revelations of a Lady Detective, huhesabiwa kuwa cha W. S. Hayward. Vyote viliwaweka wanawake katika kazi ambayo Scotland Yard yenyewe haikuwapa: idara yake ya makachero, iliyoanzishwa 1842, ilikuwa ya wanaume watupu. Katika kitabu cha pili, Bi. Paschal anamfuata mshukiwa kwenye shimo lenye ngazi, anakuta sketi yake ya ndani yenye pete za chuma haipiti, anaivua, anaitupa na kushuka. Mavazi ya heshima ya bibi wa enzi ile yalikuwa yametengenezwa ili asiende popote, na mwandishi aliliona hilo. Bi. Paschal ni mjane anayekaribia miaka 40, na riziki ndiyo iliyomtia kazini. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ruhusa waandishi waliyompa mwanamke mpelelezi: afiwe kwanza, au afilisike.

Loveday na wenzake, 1893 hadi 1915

Miaka thelathini iliyofuata ilibadilisha mengi nje ya vitabu. Sheria ya 1882 ilimpa mwanamke wa Uingereza aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Mashine za kupiga chapa ziliwaingiza wasichana maofisini, na baiskeli ikawapeleka mbali na macho ya shangazi zao. Magazeti ya hadithi yakaongezeka, nayo yalikuwa na njaa, hasa baada ya Desemba 1893 Arthur Conan Doyle alipomtosa Sherlock Holmes katika maporomoko ya maji Uswisi.

Miezi kadhaa kabla ya hapo, Catherine Louisa Pirkis alikuwa ameanza kuchapisha habari za Loveday Brooke katika gazeti la Ludgate Monthly. Brooke amepita kidogo miaka 30. Alifilisika, akachagua kazi iliyomtenga na jamaa zake wa zamani, na anaifanya vizuri kuliko wanaume wa ofisi yake ya Fleet Street. Huvaa nguo nyeusi za kawaida. Huingia majumbani mwa matajiri kwa sura ya yaya au mfanyakazi mwingine, na humo ndimo anamoona yale ambayo polisi wa mlangoni hawayaoni. Kitabu chake kilipotoka 1894, kiliisha bila kumwoza. Natoa heshima zangu kwa Pirkis kwa hilo, maana waliomfuata hawakuwa na ushupavu huo. Lady Molly, aliyebuniwa na Baroness Orczy na kutoka mwaka 1910, ni kachero mwenye akili kali, lakini alijiunga na Scotland Yard ili amsafishe jina mumewe aliyefungwa, na mume alipotoka gerezani, kazi ikafikia kikomo. Hata Scotland Yard yake ilikuwa ya ndoto. Mwanamke wa kwanza Uingereza kuwa askari mwenye mamlaka kamili ya kukamata, Edith Smith wa Grantham, aliajiriwa 1915.

Marekani ilikuwa na Anna Katharine Green, binti wa mwanasheria, aliyepata umaarufu kwa The Leavenworth Case ya 1878. Alimbuni Amelia Butterworth mwaka 1897, bibi asiyeolewa, mdadisi wa mambo ya jirani, na wengi humwona kuwa mtangulizi wa Miss Marple wa Agatha Christie. Kwa habari yetu, mhusika wake mkubwa zaidi ni Violet Strange wa 1915. Huyu ni msichana wa matajiri wa New York. Baba yake amemfukuza dada yake mkubwa, na Violet anapeleleza kwa siri, kwa malipo, ili amgharamie dada huyo. Anakwenda kwenye dansi kwa vito na hariri, na chini ya hariri ile yumo mtu anayefanya kazi ya mshahara. Green alielewa kwamba msichana asiye na fedha zake mwenyewe hana uamuzi wake mwenyewe, hata akilala katika kasri.

1930

Mwaka huu unataka kutazamwa kwa utulivu. London, Agatha Christie alimtoa Miss Marple kwenye riwaya yake ya kwanza, The Murder at the Vicarage, baada ya kumjaribu katika hadithi fupi tangu 1927. Mwaka huohuo Dorothy L. Sayers alimleta Harriet Vane, mtunzi wa riwaya anayejitegemea, ambaye tunamkuta kizimbani akishtakiwa kwa kumpa sumu mwanamume aliyewahi kuishi naye bila ndoa. Vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vimewaua wachumba wa wasichana wengi mno, na mamia kwa maelfu yao iliwabidi wajipangie maisha bila mume. Katika riwaya hizi mwanamke peke yake hakuwa tena mtu wa kuhurumiwa, alikuwa mwenye jicho kali kuliko wote.

Lakini aliyewafikia wasichana wenyewe, wa miaka kumi na kumi na mbili, alitoka Marekani. Tarehe 28 Aprili 1930 vilitoka pamoja vitabu vitatu vya kwanza vya Nancy Drew. Nancy ana miaka 16. Mama yake amefariki, baba yake ni mwanasheria anayemwamini, ana gari lake mwenyewe la buluu, na hakuna anayemuuliza anarudi saa ngapi. Katika kitabu cha kwanza, The Secret of the Old Clock, anatafuta wosia uliofichwa, ambao kidokezo chake kimo ndani ya saa ya zamani, ili mirathi iende kwa wanaostahili badala ya jamaa matajiri wenye uchoyo. Uchumi ulikuwa umeanguka miezi michache nyuma, na kitabu kiliuzwa senti 50. Watoto walikinunua.

Jalada lilimtaja mwandishi kuwa Carolyn Keene. Hakukuwa na mtu huyo. Edward Stratemeyer, aliyekuwa akiendesha kiwanda cha vitabu vya watoto kwa kuandika muhtasari na kuwagawia watu wa kuujaza, ndiye aliyebuni wazo, akafariki siku 12 baada ya vitabu kutoka. Aliyeandika maneno yenyewe alikuwa Mildred Augustine Wirt, aliyezaliwa Ladora, Iowa, mwaka 1905, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Iowa. Alilipwa dola 125 kwa kitabu, bila mirabaha, na mkataba ulimtaka asiseme kamwe kwamba ni yeye. Katika vitabu 30 vya mwanzo aliandika 23.

Jambo hili linaniuma kila ninapolirudia. Mwanamke aliyempa msichana wa Marekani gari, tochi na haki ya kuuliza maswali, yeye mwenyewe alikuwa amefungwa mdomo kwa hati ya mkataba.

Tangu 1959 binti wa Stratemeyer, Harriet Adams, alisimamia kuandikwa upya kwa vitabu vile. Sababu moja ilikuwa ya haki: vya zamani vilikuwa na picha za kuwadhalilisha watu weusi. Lakini mara nyingi waliokuwa wakidhalilishwa waliondolewa tu, pasiwepo mtu mweusi kabisa, na Nancy naye akalainishwa, akawa mtii kuliko alivyokuwa. Siri ya Wirt, ambaye sasa aliitwa Benson, ilitoka hadharani mahakamani New York mwaka 1980, wachapishaji walipogombania haki za vitabu na yeye akaitwa kutoa ushahidi. Alikuwa amejifunza kurusha ndege akiwa mtu mzima, na aliandika katika gazeti la Toledo Blade hadi mwaka wa kufa kwake, 2002, akiwa na miaka 96. Majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Marekani, Sandra Day O'Connor, Ruth Bader Ginsburg na Sonia Sotomayor, wamesema walikuwa wasomaji wa Nancy Drew utotoni.

Kurudi nyuma, 1944 hadi 2003

Hapa historia yetu inapinda. Kadiri wanawake halisi walivyozidi kuingia vyuoni, mahakamani na polisi, ndivyo msichana mpelelezi wa riwaya alivyozidi kurudishwa zamani. Christie alifungua njia mwaka 1944 kwa Death Comes as the End, riwaya ya Misri ya miaka ipatayo elfu mbili kabla ya Kristo, iliyotokana na barua za kale za ukoo mmoja zilizofukuliwa karibu na Luxor. Kijana mjane, Renisenb, anarudi kwa baba yake na kukuta nyumba inaanza kulana.

Aliyeugeuza mtindo huo kuwa desturi ni Barbara Mertz. Alipata shahada ya udaktari ya elimu ya Misri ya kale Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1952, na kazi ya uanazuoni hakuipata. Zama zile mwanamke msomi alitazamwa kama mtu anayesubiri kuolewa. Basi kwa jina la kalamu la Elizabeth Peters akaandika Crocodile on the Sandbank, iliyotoka 1975. Amelia Peabody, miaka 32, amerithi mali ya baba yake, na mwaka 1884 anapanda meli kwenda Misri na mwavuli wake mkononi, akafukue makaburi na kuwafichua wezi. Kila mlango uliofungwa mbele ya Mertz, Peabody aliusukuma.

Kwa nini zamani? Nadhani jibu limo katika kazi yenyewe ya fumbo. Fumbo linataka vizuizi. Kachero wa kike wa leo ana kitambulisho, simu na maabara. Akitaka kuingia chumbani anaonyesha kibali cha hakimu. Msichana wa 1884 au 1921 hana chochote isipokuwa masikio, adabu na uongo mdogo wa kumfikisha ndani, na akigundulika atapoteza jina lake mbele ya ukoo. Uhuru wake una bei, na msomaji huiona ikilipwa ukurasa kwa ukurasa.

Baada ya Peabody walifuata wengi, na wengine nitawapita haraka. Phryne Fisher wa Kerry Greenwood, mwenye Melbourne yake ya miaka ya 1920, alitoka 1989. Mary Russell wa Laurie R. King, mwanafunzi wa Sherlock Holmes aliyestaafu na kufuga nyuki, alitoka 1994. Maisie Dobbs wa Jacqueline Winspear, aliyetoka 2003, anastahili neno zaidi. Maisie alikuwa kijakazi, akakutwa usiku akisoma vitabu vya bwana wake, akasomeshwa, akauguza majeruhi Ufaransa wakati wa vita, na mwaka 1929 akafungua ofisi yake London. Babu yake Winspear alijeruhiwa vitani Somme. Ndiyo maana katika riwaya zake mkosaji akijulikana majeraha hayafungi mara moja, na utulivu wa mwisho una uzito kuliko wa vitabu vingi vya aina yake.

Bombay na Unguja

Mwaka 2018 Sujata Massey alichapisha The Widows of Malabar Hill. Perveen Mistry, Mparsi, ni mwanasheria katika ofisi ya baba yake Bombay ya 1921. Kwa kuwa ni mwanamke, hana ruhusa ya kusimama mahakamani. Mteja Mwislamu, mwenye kiwanda, amefariki na kuacha wajane watatu wanaotawa, na msimamizi wa nyumba ameleta barua kwamba wote watatu wanataka kutoa haki zao, mahari yakiwemo, ziwe wakfu. Perveen anazitazama sahihi na kupata wasiwasi. Je, wanajua walichokitia sahihi? Baba yake hawezi kukaa nao uso kwa uso, wala hakimu. Yeye anaweza. Anaingia, anakaa na kila mmoja peke yake, na muda si muda kunatokea mauaji.

Massey hakulitoa wazo hili hewani. Cornelia Sorabji, aliyezaliwa 1866, alifanya mtihani wa sheria Oxford mwaka 1892, mwanamke wa kwanza kuufanya, na chuo hicho kikampa shahada yake 1922, miaka thelathini baadaye. Tangu 1904 serikali ya Bengal ilimwajiri kuwa mshauri wa wanawake waliotawa, wenye mashamba na mirathi lakini wasioweza kuzungumza na wakili mwanamume. Alisafiri kwa treni, kwa tembo na kwa machela kuwafikia. Hoja ya Kate Warne ilikuwa imepata mwenye kuiishi.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji maelezo ya ziada kuhusu mahari, wakfu, utawa na uani. Unguja na Bombay zilikuwa jirani kwa bahari. Siti binti Saad alipokwenda kurekodi nyimbo zake mwaka 1928, alikwenda Bombay. Na mmoja wa nyimbo zake mashuhuri, Kijiti, unahusu kesi ya kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam ameuawa, muuaji amevuka kwenda bara, na walioadhibiwa ni wenyeji wake waliotoa ushahidi, kwa sababu ya pombe iliyokuwapo. Siti alimtaja muuaji kwa jina na kumlaumu hakimu, mbele ya mji mzima. Mahakama ilikuwa imefunga jalada, wimbo ukalifungua.

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili nayo ilizaliwa Unguja. Muhammad Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapwa 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, wakawa wapenzi wa vizazi. Nimewasoma kwa furaha. Lakini Bwana Msa ni mwanamume wa barazani, katika mji ambao nusu ya ushahidi wake ulikuwa ukizungumzwa uani, kati ya makungwi, mashoga na wapambaji wa maharusi. Si vigumu kudhani kwamba katika rekodi za makadhi na za wakfu za miaka ya 1920 zimo hati zilizotiwa alama ya kidole na wanawake wasiojua kusoma. Ningependa mwandishi wetu mmoja aichukue hati moja ya namna hiyo, amkabidhi binti wa mtaa wa Ng'ambo aliyesoma chuoni akajua herufi za Kiarabu, na amtume nyumba kwa nyumba kuuliza: bibi, siku ile ulipotia kidole chako hapa, nani alikusomea?